Limeondoka, Maskini

Rafiki yangu Asajile,

Nisamehe kwa ukimya. Siku ile tulipotoka makaburini Suma, viatu vimejaa matope, niliahidi moyoni kwamba nitakuandikia kabla ya mwezi kuandama. Sasa ni mwaka na miezi miwili. Sina udhuru wa ugonjwa wala wa safari. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekukosea, na mtu aliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya ubao kwa miaka thelathini na mmoja ili wakiri makosa yao alishindwa kukiri la kwake.

Leo naweza kuandika. Kosa limerekebishwa kwa kadiri lilivyoweza kurekebishwa, na habari nilizo nazo ni njema, isipokuwa jambo moja dogo ambalo nitalifikia mwishoni. Unanijua; sipendi kuruka hatua.

Shemeji, Mama Tusekile, hajambo. Migomba uliyoipanda nyuma ya nyumba imezaa hata ikabidi kuegemezwa kwa miti. Shamba la chai limepata wenye mali wapya, nao wameanza kwa kupaka rangi kila kitu, pamoja na zahanati. Dirisha la maabara yako, ambalo ulikataa kabisa lisiwekwe pazia, sasa lina pazia la maua. Magazeti yanafika mjini kwetu sita au saba kwa siku, kila moja na mwenyewe, maana siku hizi kila mwenye mashine anaruhusiwa kusema. Ninanunua mawili. Nayasahihisha kwa kalamu nyekundu asubuhi, na mchana nampa mama muuza maandazi afungie bidhaa yake. Anasema wateja wake wameanza kusoma masahihisho.

Kile kibanda cha video cha mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, kimepata mwenzake ng'ambo ya barabara. Mlangoni wameweka ubao uliochorwa mtu mweupe mwenye meno mawili marefu, damu ikimtiririka kidevuni. Mchoraji hakujua kuchora mikono, kwa hiyo akaificha ndani ya koti. Kila nipitapo hapo nakukumbuka, na hucheka peke yangu barabarani kama mtu asiye na heshima.

Ulinivuta ndani ya kibanda hicho Jumamosi moja mchana, mvua ilipotukamata njiani. "Tuingie tujikinge, Mwalimu. Hawatatula." Tuliketi benchi la nyuma, wazee wawili wenye makoti yaliyolowa, kati ya vijana walioacha kutafuna karanga ili watutazame. Kwenye televisheni Mzungu mwembamba alikuwa akiamka kutoka jenezani. Kando yake alisimama mwenye kibanda, fimbo mkononi kama mwalimu wa jiografia, akitufasiria.

"Linaamka! Linamtaka huyo dada! Dada, kimbia, linakuja hilo!"

Nilisimama. Nilisema kwa sauti iliyozoea darasa, "Bwana, yule ni mtu. Mtu ni ngeli ya kwanza. Sema anakuja."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Kijana mmoja akauliza, "Babu, likikung'ata utalisahihisha?" Wewe ulicheka hadi ukavua miwani uipanguse. Kisha ukanivuta koti nikaketi, ukaninong'oneza, "Ngoja, Bwana Nukta. Hapo hapo ndipo penye hadithi." Nilidhani unaninyamazisha tu.

Mvua ilipokatika tulipanda kilima polepole, nawe ukaanza kunieleza. Ulieleza kama ulivyokuwa ukisoma majibu ya vipimo, bila kuongeza chumvi. Ulisema kwamba wanadamu wa nchi nyingi wamesimulia habari za mnyonya damu, na kwamba kila msimulizi alikuwa ameona kitu cha kweli asichokielewa. Mmoja alifukua kaburi akakuta maiti imevimba, damu nyeusi imetoka kinywani, kucha zimerefuka. Hakujua kwamba mwili huvimba kwa hewa ya kuoza, na kwamba kucha hazikui, ni ngozi inayonywea na kurudi nyuma. Mwingine aliona jamaa za marehemu wakikonda mmoja baada ya mwingine, wakikohoa damu, akasema marehemu anawarudia. Kumbe ni kifua kikuu kilichobaki ndani ya nyumba ile ile. Mwingine alimwona mgonjwa wa kichaa cha mbwa, asiyelala, anayeogopa maji na mwanga, anayeuma watu.

"Na yupo wa nne," ulisema, ukasimama kupumua. Huyo wa nne ndiye uliyempenda. Ulisema kuna ugonjwa adimu wa damu, wa kuzaliwa nao, ambamo ile rangi inayoifanya damu iwe nyekundu hutengenezwa kombo. Mwenye ugonjwa huo jua humchoma mpaka ngozi ikatoka malengelenge. Meno yake huwa na wekundu, ufizi ukarudi nyuma, nayo yakaonekana marefu. Mkojo wake ukiwekwa dirishani penye mwanga hugeuka rangi, ukawa kama mvinyo wa meza ya Bwana. Basi atatoka nje saa ngapi mtu huyo, kama si giza likiingia? Na majirani watasema nini?

Nilikuuliza, "Na kitunguu saumu je? Yule bwana wa kibandani alikikimbia." Ukasema wako wanaodhani kwamba kitunguu saumu huuchochea ugonjwa huo, lakini huna hakika, na usichokuwa na hakika nacho hutakiandika. Nilikuheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa yote uliyotangulia kusema. Nikakuuliza tena, "Na kiu ya damu?"

Ulianza tena kupanda. "Hiyo haimo katika ugonjwa wowote niujuao, Mwalimu. Damu ukiinywa inakwenda tumboni, inameng'enywa kama nyama. Haimtibu mtu. Hiyo kiu tumemtia sisi tunaomsimulia."

Jioni ile ile, kwenye kikombe cha pili cha chai, ulinitaka nikueleze asili ya neno mumiani. Nikakuambia kwamba mwanzo lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kilichopakwa mahali palipovunjika mfupa. Baadaye watu wakaamini kwamba dawa hiyo imetengenezwa kwa damu ya binadamu, na mwishowe jina la dawa likawa jina la mtu anayesemekana kuitafuta damu hiyo. Nikahitimisha, kwa kuridhika na elimu yangu, "Basi hapo kitu kimekuwa mtu." Ukakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. "Na mtu je, Mwalimu? Hawezi kuwa kitu?"

Nilijimiminia kikombe cha tatu. Nilidhani si swali la sarufi.

Baada ya miezi minane uliniletea madaftari manne ya shule, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Juu ya la kwanza umeandika kwa herufi kubwa: ADUI WA JUA. Hukuniambia kwamba ulikuwa ukiandika. Ulisema tu, "Nisahihishie, lakini usiniue." Nikakujibu kwamba anayeandika vizuri hana sababu ya kuogopa kalamu nyekundu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi, nao hawakuwahi kuamini.

Hadithi niliipenda, naomba uliamini hilo. Mtu mrefu anakuja kupanga nyumba ya mwisho kwenye kambi ya shamba la chai. Mchana hufunga madirisha. Jua likishuka hutoka, amejifunika blanketi, hutembea kando ya mto. Wachumaji chai wanaogopa, watoto wanafungiwa ndani, mbuzi wa mtu anakufa naye anasingiziwa. Kwa sura tisa hatujui lolote isipokuwa hofu yao. Katika sura ya kumi mpima damu wa zahanati anabisha hodi kwake, na mambo yanajulikana.

Lakini katika sura zile tisa hukumwita mtu huyo mtu hata mara moja. Uliandika "lile". Lile limepita. Lile limefunga dirisha. Wamelisikia likikohoa. Nilikaa na madaftari yako wiki tano. Kila "lile" nikaandika "yule", kila "limepita" nikaandika "amepita". Ukurasa wa pili, pembeni, niliandika maneno ambayo leo yananichoma: "Kiambishi hiki hakina jina kinalolisimamia. Kama ni jitu, andika jitu. Kama ni mtu, ngeli ya kwanza. Jina liko wapi?" Niliona ni swali zuri sana. Nililipigia mstari.

Nilipanga kukuletea madaftari siku ya Alhamisi. Ulifariki Jumanne. Shinikizo la damu, walisema, wewe uliyepima damu za watu wote ukaisahau yako.

Baada ya arobaini nilimpelekea madaftari Atupele, mpiga chapa wa mtaa wetu wa Msasani, ili kazi yako ipate nakala safi, nami nikadhani ninakutendea wema. Nakala hiyo niliipeleka Mbeya kwa Bwana Fadhili. Ni mtu wa makamo mwenye mashine ya kuchapia. Alianza kwa kadi za harusi na kalenda, sasa anachapa na vitabu vya hadithi. Aliisoma kwa mwezi mmoja, akaniita.

"Mzee, shikamoo. Kaa. Nitakuambia ukweli." Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. "Hizi sura tisa hazitishi. Jamaa anapita, jamaa anarudi, jamaa anafunga dirisha. Sasa? Halafu ya kumi inakuja kunifundisha sayansi. Mimi nasema tuondoe ya kumi, tuongeze meno. Nitachapa mara moja."

Nikamwambia kwamba sura ya kumi ndiyo sababu ya kitabu.

"Mzee wangu, watu wanataka kuogopa. Wakitaka kuelezwa, watakwenda hospitali."

Nilirudi Tukuyu nimekasirika, lakini nilimkasirikia yeye. Nilimweleza Mama Tusekile, naye akasema, "Amua wewe, Mwalimu. Alikuamini." Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia yeyote: niliamua kukubali. Niliwaza kwamba kitabu chenye sura tisa na jina lako juu yake ni bora kuliko madaftari manne ndani ya sanduku. Barua ya kukubali niliiandika kwa mkono huu. Haikuwa na kosa hata moja. Sikuituma tu kwa sababu niliona ni haki Shemeji asikie kwanza kitu kinachokatwa, nikaenda Suma kumsomea.

Ilikuwa alasiri. Wanawake watano walikuwa uani kwako wakimenya ndizi, kwa kuwa kesho yake palikuwa na ubatizo kwa jirani. Mama Gwamaka alikuwepo, yule aliyestaafu kuchuma chai na ambaye bado hutembea ameinama upande kana kwamba kikapu kiko mgongoni. Nilianza sura ya kwanza. "Wachumaji walimwona yule akipita kando ya mto, wakanyamaza."

"Wakamwona nani?" akauliza Mama Gwamaka.

"Yule."

"Yule nani?"

"Mpangaji wa nyumba ya mwisho, mama. Yule wanayemwogopa."

"Sasa kama ni yule, wanamwogopea nini? Yule ni jilani." Unamjua, ulimi wake haujawahi kuipata r. "Mwalimu, umehalibu. Sema lile. Lile limepita! Hapo hata mimi naacha ndizi."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Limepita, Mama Gwamaka, tazama nyuma!" Mama Gwamaka akageuka kweli, nao wakazidi. Shemeji hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Asajile aliandika lile," alisema. "Alikuwa akinisomea. Nani amelitoa?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu kama angenigombeza. Alinihadithia habari za miaka yenu ya kwanza pale shambani, nilipokuwa bado nafundisha mbali, na ambazo wewe katika urafiki wetu wote hukunigusia. Kwamba ulikuja kijana, na sindano, na vioo vyako vidogo vya kupimia malaria, ukitaka tone moja la damu kwenye kidole cha kila mtu. Kwamba watu walisema unaipeleka damu hiyo kuuzwa. Kwamba jiwe lilivunja dirisha la chumba chenu Shemeji akiwa na mimba. Na kwamba ulipopita barabarani na kisanduku chako, wachumaji hawakusema "anakuja". Walisema "limekuja na sindano", wakaingia katikati ya michai.

Mama Gwamaka alikuwa akitazama ganda la ndizi mkononi mwake. "Hata mimi nilisema," alisema. "Nilijificha kwenye chai tangu asubuhi. Siafu wakaniuma mpaka nikatoka damu nyingi kuliko tone alilolitaka Asajile." Wakacheka tena, na safari hii Shemeji naye akacheka.

Nikamwuliza, "Waliacha lini kusema hivyo?"

"Alipoanza kuwauliza majina," alijibu Shemeji. "Wakubwa wake walimpa namba za wafanyakazi aandike namba tu. Akakataa. Hachomi kidole kabla hajauliza jina lako nani, na la baba yako, na umetoka kijiji gani. Na yeye anataja la kwake. Mtu ukishamwambia jina lako na la baba yako, utamwitaje lile?"

Asajile, nilikuwa nimeshika sura ya kumi mapajani. Niliifungua nikasoma mahali ambapo mpima damu anaingia katika nyumba ya giza, anamkuta mwenye nyumba amejifunika blanketi, anampa chupa ya mkojo, na kabla ya kumwuliza maumivu yako wapi anamwambia: "Chupa haiendi maabara bila jina. Jina lako nani?" Na kutoka gizani sauti inajibu: "Lutengano." Jina ambalo kwa lugha yetu ya nyumbani ni amani. Na katika sentensi inayofuata uliandika, kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima, "Alinyoosha mkono."

Alinyoosha. Nilikuwa nimepita juu ya neno hilo bila kuliona, kwa kuwa ile "a" yake nilikuwa nimekwisha kuitawanya kila mahali tangu ukurasa wa kwanza. Nilikuuliza pembeni "Jina liko wapi?" nawe ulikuwa umenijibu katika sura ya kumi. Kiambishi kilikosa jina kwa sababu watu walikuwa wamemnyang'anya mwenyewe. Bwana Fadhili alisema kweli: sura tisa hazikutisha, na ya kumi ilikuwa somo la sayansi. Mimi ndiye niliyezifanya hivyo. Sayansi yako haikuishia kwenye mkojo unaogeuka rangi dirishani. Ilikuwa pia katika kiambishi, nami nikakipigia mstari mwekundu.

Nilifika nyumbani nikaichana barua yangu ya kukubali. Halafu nikanunua kalamu ya bluu.

Kurudisha ulivyoandika kulinichukua wiki sita. Nililinganisha kila mstari na madaftari yako. "Lile" zilikuwa mia tatu na kumi na saba, na kila moja niliirudisha kwa mkono. Nakiri kwamba zile hamsini za mwanzo ziliniuma kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Baadaye nikaanza kusikia zinavyokuja moja nyuma ya nyingine, na kufikia sura ya saba nilikuwa nafunga dirisha kabla ya jua kuchwa.

Atupele ndiye aliyenisumbua. Nilimfundisha darasa la sita, naye alifundishika. Aliniletea kurasa za kwanza zikiwa na "yule" tupu.

"Atupele, nimeandika lile."

"Nimeona, Mwalimu, nikajua umepitiwa. Nimekurekebishia."

"Sikupitiwa."

"Lakini Mwalimu, si ulinichapa kwa kosa hili hili? Mbele ya darasa zima?"

"Nilikuchapa kwa kuandika hivyo. Sasa nakuomba uchape hivyo."

Alicheka mpaka akaegemea mashine, herufi tatu zikajipiga zenyewe. Tangu hapo kila anikutapo sokoni ananisalimu, "Shikamoo, Mwalimu. Lile halijambo?" Namjibu kwamba linamsalimu. Ungefurahi kutusikia.

Nakala mpya niliituma Mbeya kwa basi la kutoka Kyela, bila kumweleza Bwana Fadhili nilichobadilisha. Alinijibu baada ya wiki mbili. Barua yake nimeihifadhi pamoja na madaftari, lakini nakunakilia kipande, pamoja na makosa yake ambayo sitayagusa: "Mzee umefanya nini hapa? Maneno ni yaleyale. Nimesoma mchana kweupe wateja wamejaa dukani, bado nikageuka kuangalia mlango. Halafu nilipofika kwenye chupa na jina, nikaona aibu, kwasababu na mimi nilikua nalisubiri life. Sura ya kumi ibaki. Usiguse kitu."

Ameandika "kwasababu" kama neno moja na "nilikua" kana kwamba alirefuka. Nimemsamehe yote mawili. Sura yako imebaki, Asajile. Mambo uliyoyasema tukipanda kilima yamo yote: maiti na kucha zake, kifua kikuu, kichaa cha mbwa, damu iliyotengenezwa kombo. Kitunguu saumu hakimo. Na maneno yako juu ya kiu yamo, kinywani mwa mpima damu, nami sikuyaongeza wala kuyapunguza.

Kurasa za majaribio zimefika juzi. Nimezisoma kwa penseli. Nimebakiwa na jambo moja, lile nililosema nitalifikia.

Ni ukurasa wa mwisho. Lutengano amepata mahali pa kuishi, katika vilima vyenye ukungu mwingi na jua kidogo, kwa ndugu wa mpima damu. Anaondoka katika gari la shamba, amevaa kofia pana na glavu, na waliomtupia mawe wamesimama kando ya barabara bila kujua waweke wapi mikono yao. Gari likishapinda, mlinzi mzee wa geti anasema maneno ambayo ndiyo mwisho wa kitabu: "Limeondoka, maskini."

Tangu Lutengano alipotaja jina lake, kurasa arobaini nzima, hukumwandikia "li" hata mara moja. Hata maadui zake umewapa "ameondoka", "amekohoa". Iko hii moja tu. Mwanzoni nilikuwa nimeisahihisha pamoja na zile nyingine. Sasa nimeirudisha, na sijui kama nimeirudisha kwa haki.

Huenda ni kosa. Mwandiko wako katika daftari la nne umelala, na wino wa ukurasa huo si ule wa kurasa zilizotangulia. Nadhani uliumaliza siku ambazo kichwa kilikuwa kikikuuma. Mkono uliozoea "lile" mara mia tatu na kumi na saba unaweza kuteleza mara moja zaidi. Atupele anasema ni kosa, na kwamba kitabu hakiwezi kumtoa mtu gizani kisha kimrudishe kwa silabi moja. Bwana Fadhili naye anataka "ameondoka", ili watu wafunge kitabu na moyo mweupe. Mama Gwamaka, nilipomsomea, alisema, "Mlinzi huyo namjua. Ndivyo alivyosema." Mlinzi huyo hayupo popote, umemtunga wewe; lakini sikuthubutu kumsahihisha. Shemeji anasema ukurasa wa mwisho hukumsomea. Ulimwambia utamsomea madaftari yakisharudi kutoka kwangu.

Katika sarufi niliyofundishwa, "li" hiyo na "maskini" haviwezi kuketi katika sentensi moja. Neno la kwanza linamfukuza mtu, la pili linamwita arudi. Lakini jana, nikisubiri chai ichemke, niliitamka sentensi hiyo kwa sauti mara kadhaa, kama mzee aliyeogopa kitu maisha yake yote na ambaye amegundua leo kwamba kitu hicho kilikuwa mtu, naye hajapata bado muda wa kubadilisha ulimi. Viliketi. Viliketi vizuri mno hata nikaisahau chai, ikafurika jikoni.

Ungekuwa hai ningepanda tu mpaka Suma kukuuliza, nawe ungecheka, ungevua miwani, na pengine usingenijibu. Mwalimu niliyekuwa asingevumilia swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu. Mimi wa leo nimekaa nalo siku ya tatu, na ajabu ni kwamba nimetulia. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mlima Rungwe hauonekani, na kurasa zako ziko mbele yangu zimekandamizwa kwa kikombe.

Zinatakiwa zirudi Mbeya kwa basi la Ijumaa. Kalamu nyekundu nimeifungia kabatini. Nina penseli, na upande wa pili wa penseli kuna kifutio.

Pumzika, rafiki yangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa kuniamini, hata pale nilipostahili kupewa sifuri. Kaburi lako tumelipalilia, na mwanao Tusekile amepanda maua nisiyoyajua jina, nitamwuliza. Sitakaa kimya tena mwaka mzima. Mara nitakapokuwa nimeamua juu ya silabi hiyo moja, kabla hata ya kumwandikia Bwana Fadhili, nitakuandikia wewe.

Wako,
Bwana Nukta